Kiti cha Kuume

Gracieuse Kavira alitoka Butembo Ijumaa asubuhi akiwa na pete mfukoni badala ya kidoleni. Mpaka anafika Kabasha alikuwa ameishika na kuiachia mara nyingi hata ikapata joto la mwili wake. Mkono mmoja ulikuwa kwenye pete, mwingine kwenye usukani wa Hilux kuukuu ya duka, na machozi alikuwa ameyapiga marufuku yasitoke kabla ya kufika Beni.

Kesho yake, Jumamosi, ndiyo iliyokuwa siku. Watu wa Jephté Maliro walikuwa waje Vuhovi, kijiji cha akina Gracieuse, kuleta mbuzi wa mahari. Nyasi zilikwisha kufyekwa uani, viti vilikwisha kuazimwa kanisani, mama yake alikwisha kupima unga. Halafu Alhamisi jioni baba yake, mzee Josaphat, akampigia simu baba mkubwa wa Jephté na kumwambia maneno machache: mbuzi wabaki kwenu. Hakueleza. Na mbuzi wa mahari wakiambiwa wabaki, hilo si jambo la watu kulisahau wiki ijayo.

Aliyeomba simu hiyo ipigwe ni Gracieuse mwenyewe.

Tuanzie dukani, maana yote yalianzia pale. Gracieuse na baba yake wanauza vipuri vya magari mjini Butembo. Magari ya kwetu ni ya kila kabila. Yaliyopitia Mombasa yana usukani kuume, yaliyotoka kwingine yana usukani kushoto, na yote yanabanana kwenye barabara ileile. Kipuri cha huyu hakimwingii yule. Kwa hiyo kila mteja anapotia mguu mlangoni, hata salamu haijakwisha, Gracieuse humtupia swali: "Volant ya kuume ao ya kushoto?" Huliuliza mara thelathini kwa siku. Wateja wengine humtania kwamba siku ya harusi atamuuliza mchungaji.

Jephté naye aliulizwa hivyohivyo, miaka miwili iliyopita. Alikuwa fundi kutoka Beni, mrefu, mikono ina mafuta mpaka viwikoni, na alitaka kipuri cha usukani wa BMW, ile ya M5, sedan nyeusi ya silinda nane aliyoinunua ikiwa imegongwa ubavu na kunyamaza kabisa. "Ya kuume," alijibu, akamtazama Gracieuse usoni kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. Kipuri kilichukua wiki sita kufika. Jephté alikuja Butembo kila Jumamosi kuuliza kama kimefika, na wiki ya tatu wote wawili walijua kwamba hakufuata kipuri.

Gari likafufuka, mapenzi nayo. Siku ya kwanza alipompandisha, Jephté aliendesha polepole kama amebeba mayai, mpaka walipopata kipande kizuri cha barabara. Hapo akakanyaga. Gracieuse alisikia mgongo wake ukizama kwenye kiti, akacheka mpaka akaona haya. Kisha akageuka nyuma akaona kiti kile kirefu cha ngozi bado kimefunikwa nailoni.

"Hii nailoni unaiachilia juu ya nani?" alimuuliza.

"Hakuna mutu ataikalia kabla ya siku yako," Jephté alijibu. "Siku ninakutosha mu nyumba ya papa yako, mama na tante, dada ya papa yako, ndio batakaa pale. Banarafiki yangu banasema gari ya mbio ni milango mbili. Mi nilitaka milango ine. Nataka kukimbia bila kuacha mutu nyuma."

Basi mwanamke akiambiwa hivyo atafanya nini? Gracieuse alipenda, akapenda na gari lenyewe.

Sasa njoo Alhamisi. Shangazi yake Jokébed, dada wa baba, muuza vitenge anayekwenda Beni kila Jumatano, aliingia dukani bila hodi. Alijibwaga juu ya katoni la filta, akaomba maji, akayanywa yote, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge. Gracieuse alijua kuna msiba.

"Mwanangu, kaa chini," alisema. "Nimeona gari ya Jephté jana ku Beni, pale Kilokwa. Ilisimama mbele yangu, karibu inikanyage miguu. Mwanamuke iko ndani, pembeni yake. Foulard ya dhahabu ku kichwa, mukono inje ya dirisha, anacheka sawa vile iko mu nyumba yake."

Gracieuse aliuliza kama alimwona Jephté mwenyewe. Shangazi akamkazia macho. Vioo vya gari lile ni vyeusi, upande wa pili angeuonaje? Lakini gari ni la nani? Beni na Butembo zote ziko na lile moja tu, jeusi lenye mstari mwekundu kwenye kioo cha pembeni. Au Jephté ameanza kuliazimisha?

La, Jephté hakuliazimisha hata kwa kaka zake. Mteja aliingia akaomba breki, Gracieuse akamtazama tu bila kumuuliza lolote, mteja akarudi nje. Mzee Josaphat aliyekuwa kwenye meza ya ndani alisema neno moja, "Nilijua," akavua miwani.

Jioni ile Gracieuse akamwambia baba yake apige simu.

*

Kule Beni wapenzi wa magari ya mbio hukutana penye kuoshea magari, karibu na mto. Gracieuse alipafahamu, alishapelekwa mara nyingi. Si kundi kubwa, lakini maneno yao yanatosha mji mzima. Wanaweza kubishana tangu asubuhi hadi jua kuzama juu ya gari ambalo hakuna hata mmoja aliyewahi kuligusa, na gari la Jephté, ambalo waliligusa kila wiki, lilikuwa limewagawa kama wagombea wa kanisa.

Ananie alikuwa adui yake mkuu. Ananie ana kigari cha milango miwili, kifupi, chenye kelele, na kwake gari la mbio lenye milango minne ni udanganyifu. Mtu anayetaka kukimbia, husema, hawezi wakati huohuo kutaka kupeleka viazi sokoni. Tena barabara yenyewe ya kulikimbiza iko wapi? Tumbo la sedan ile liko chini, shimo moja la barabara ya Maboya linatosha kulitoboa, na petroli linakunywa kama limetoka mfungoni.

Mpinzani wake alikuwa mzee Zorobabel, aliyeendesha malori ya Kasindi miaka ishirini na sasa hamiliki hata baiskeli. Zorobabel hutetea sedan hiyo kwa machozi. Anasema hilo ndilo gari la mtu aliyekomaa, halipigi kelele, halina mabawa mgongoni, unalipita njiani ukidhani ni la daktari, mpaka likohoe. Anasema kijana hununua gari la kuonekana, mwanaume hununua gari la kujua mwenyewe.

Siku nyingine Gracieuse angeingilia ubishi huo, maana yeye alikuwa upande wa Zorobabel na aliwashinda wengi kwa hoja. Ijumaa hiyo alisimamisha Hilux, akashuka, na mara moja akahisi hewa imebadilika. Hakuna aliyebisha. Ananie alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anatazama maji. Zorobabel aliinua macho, akamwona, akayashusha. Salamu yake ilijibiwa kama watu wanaojibu kwenye matanga.

Aliwauliza Jephté yuko wapi. Yuko njiani, walisema. Akawauliza gari liko wapi. Mmoja akaokota sifongo, akarudi kusugua gari la mtu.

Kumbe wote wanajua, alijisemea. Wote wanamjua yule mwanamke wa kilemba cha dhahabu, wote wamemficha, na pengine walikula na kunywa naye. Aliona aibu mpaka nyayo zikamwasha.

"Kaka Ananie," alisema kwa sauti ambayo hakuitambua, "kama kuko kitu munajua, muniambie."

Ananie alimtazama, na cha ajabu ni kwamba jicho lake halikuwa la mtu mwenye hatia. Lilikuwa la mtu mwenye hasira.

"Siye tulikatazwa kusema mpaka kesho," alijibu. "Lakini ukitaka kujua moyo yangu, ile gari haikustahili kufanyiwa vile. Mi niliitukana miaka mbili, na Jumanne nililia. Njo vile."

Gracieuse hakuelewa hata nusu. Kabla hajauliza, Jephté akatokea juu ya kilima.

Alikuja kwa miguu. Hilo peke yake lilimshtua, kwa kuwa hakuwahi kumwona Jephté akiteremka njia ile kwa miguu. Viatu vilikuwa na matope hadi kwenye kamba. Macho yalikuwa mekundu. Alimwona Gracieuse, akasimama, kila mmoja akingoja mwenzake aombe msamaha.

"Baba mukubwa aliniambia jana," Jephté alianza. "Mbuzi zibakie. Hakuniambia juu ya nini. Sikulala. Nilitaka kuja Butembo na pikipiki, bandugu bakanizuia. Gracieuse, nilifanya nini?"

Ujasiri wa swali hilo ndio uliomkasirisha. Alitoa pete, akaiweka kwenye kiganja chake, akanyoosha mkono.

"Ule mwanamuke wa Jumatano ni nani?"

"Mwanamuke gani?"

"Wa mu gari yako. Pale Kilokwa. Foulard ya dhahabu."

Jephté aligeuka akawatazama wenzake, kisha akarudisha macho kwake. Uso wake ulikuwa umepauka. Alisema kwamba Jumatano hakufika Kilokwa, alishinda chini ya lori la mtu. Gracieuse akacheka kicheko kibaya. Akamwambia asijisumbue, shangazi alimwona yule mwanamke kwa macho yake mawili, amekaa pembeni yake anacheka.

"Pembeni yangu," Jephté alirudia polepole. "Upande gani?"

"Nini?"

"Ninakuuliza. Tante aliona ule mama upande gani ya gari?"

Swali lilimgonga Gracieuse mahali asipopategemea. Hakujua. Hakuwa ameuliza. Alichukua simu, akampigia shangazi na kuweka sauti wazi, kwa kuwa alitaka Jephté ajisikilizie mwenyewe.

Shangazi Jokébed aliitikia kwa furaha ya mtu aliyeombwa kurudia habari nzuri. Upande gani? Upande wa ukingoni mwa barabara, pale yeye alipokuwa amesimama na mizigo.

"Ya kuume, mwanangu. Pale miye ninakaaka mu Hilux ya papa yako. Kiti ya mugeni. Juu ya nini unauliza?"

Simu ilibaki mkononi mwa Gracieuse ikiita "alo, alo" mpaka shangazi akachoka akakata.

Zorobabel alivua kofia akaiweka gotini. Na Gracieuse, msichana aliyeagiza kwa mkono wake kipuri cha usukani wa gari lile, aliyengoja wiki sita ili kipuri kisije kikawa cha upande usio wake, alilirudia neno lile moyoni. Ya kuume. Hilux ya baba ina usukani kushoto, lakini kwenye gari la Jephté kiti cha kuume si cha mgeni. Pale kuna usukani. Mwanamke wa kilemba cha dhahabu hakuwa amekaa pembeni ya mtu yeyote.

"Alikuwa anaendesha," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Ni Mama Victoire, ule mujane wa kuuzisha simenti," Jephté alisema. "Gari ni yake tangu Jumanne. Mi niliuzisha."

Ananie aliinuka, akamsogezea Gracieuse ile ndoo, naye akaikalia bila kuitazama. Ameuza. Gari alilolitengeneza kwa miaka miwili, boli kwa boli, gari alilolizungumzia akiwa usingizini, ameliuza, na yeye hakuambiwa. Aliuliza kwa nini. Jephté hakutaka kusema. Ni Zorobabel aliyeshindwa kuvumilia akamwaga yote: kwamba mwezi uliopita mzee Josaphat alimwita Jephté pembeni, akamwambia mwanaume mwenye gari la namna ile anapenda macho ya watu kuliko nyumba yake, na gari lile halitaingia uani kwake. Achague. Na asimwambie Gracieuse, maana mzee alitaka kuona kama kijana ataamua kwa moyo wake au kwa kusukumwa. Jephté alichagua. Alipanga kufika Vuhovi Jumamosi kwa miguu, mbele ya mbuzi, ili mzee aone kwanza, na Gracieuse aone baadaye.

"Papa?" Gracieuse alisema. "Papa yangu njo alikuambia vile?"

Baba yake aliyekaa meza ya ndani akavua miwani na kusema "nilijua". Alijua nini? Alijua kwamba alimpa kijana sharti, na habari za shangazi zilipokuja akadhani kijana amelidharau sharti na kuongeza mwanamke juu yake. Hata yeye hakuuliza.

Alipiga simu palepale, hakungoja hasira ipoe. Alimweleza baba yake kila kitu kwa utulivu uliomshangaza mwenyewe: kiti, usukani, mjane wa simenti.

"Aliuzisha kweli?" mzee Josaphat aliuliza.

"Aliuzisha, papa."

"Nilitaka kumupima, binti."

"Umetupima sisi wote, na miye njo nimeanguka," Gracieuse alisema. "Telefone ya kwanza nilikuomba miye, na nitaibeba. Ya pili utapiga weye, juu ulimukataza kusema. Umuite baba yake mukubwa. Umuambie ukweli, na umuombe."

Hakuwahi kusema na baba yake hivyo tangu azaliwe. Mzee aliguna, akasema ndiyo, akakata. Gracieuse alifuta uso kwa kiganja, akamgeukia Jephté akiwa na kila neno la toba tayari mdomoni.

Lakini Jephté alikuwa amerudi nyuma hatua mbili.

"Mi niliuzisha ile gari bila kuuliza papa yako ata swali moja," alisema taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo liliuma zaidi. "Weye, Gracieuse, hukuniuliza ata moja kabla ya kurudisha mbuzi. Telefone yangu iko wazi, garage yangu unajua. Kila mutu anaingia mu magasin yako unamuuliza kuume ao kushoto. Mi, hapana."

Alimkamata mkono, akaikunja pete ndani ya kiganja chake.

"Ubakie nayo kwanza. Mbuzi zitakuja kama zitakuja. Mi sijue."

Akapanda kilima kwa miguu. Gracieuse alimfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya migomba. Hapo ndipo machozi yaliyokuwa yamepigwa marufuku tangu Kabasha yalipotoka yote, mbele ya Ananie na mzee Zorobabel na gari la mtu lililojaa povu.

*

Jumamosi kijiji cha Vuhovi kiliamka kikiwa na ukungu. Mzee Josaphat alikuwa amepiga simu. Alikuwa ameomba, mama alisema, na alipomaliza kuomba alikaa peke yake nyuma ya nyumba saa nzima. Jibu la watu wa Maliro lilikuwa fupi: kijana akikubali, tutakuja, asipokubali, tusilaumiane. Kwa hiyo viti vilipangwa uani bila mtu kujua kama vitakaliwa.

Shangazi Jokébed peke yake hakujua lolote. Kaka yake alimwambia tu kwamba wageni huenda wakaja na afunge mdomo, akaufunga kwa shida kubwa. Ndiye aliyepaswa kuwapokea wageni penye njia panda na kuwaongoza mpaka uani, kama shangazi wa binti anavyofanya, hivyo alisimama pale na kitenge kipya, na Gracieuse nyuma yake pamoja na wanawake wengine. Saa nne ikapita. Saa tano. Pete ilikuwa ndani ya kiganja cha Gracieuse na imekwisha kumwachia alama.

Saa tano na nusu walisikia mbuzi.

Walitokea kwenye ukungu mmojammoja, wazee na vijana wakiwaswaga, na mbele yao wote, viatu vyeupe kwa vumbi, alikuwa Jephté. Gracieuse alishika mkono wa mwanamke aliyekuwa karibu yake bila kujua ni nani. Jephté alikuwa anatazama chini, na alipoinua uso hakucheka, lakini alimtazama, akaendelea kumtazama.

Na nyuma ya mbuzi, kwa mwendo wa mbuzi, lilikuja lile gari jeusi.

Wanawake waliguna. Shangazi Jokébed alishika kifua. Mama Victoire alikuwa amemwambia Jephté kwamba gari lililotengenezwa kwa ajili ya siku fulani haliwezi kukosa siku hiyo eti kwa sababu limebadilisha mmiliki, na kama mzee hataki liingie uani, litaishia nje. Lilisimama penye njia panda. Kutoka ndani sauti ikamkaribisha shangazi apande, aonyeshe njia hadi karibu na ua, mtu mzima asitembee kwenye vumbi siku ya heshima.

Hakuna shangazi anayekataa heshima ya namna hiyo mbele ya watu. Jokébed alirekebisha kitenge, akazunguka mpaka upande wa kuume, upande wake wa siku zote, akafungua mlango kwa mkono wa mtu anayejua mahali pake.

Ndani ya kiti kile alikuwamo mwanamke wa makamo, mikono miwili juu ya usukani, kilemba cha dhahabu kichwani.

"Mama, hapa ni pangu," Mama Victoire alisema kwa upole. "Miaka makumi mbili bwana yangu aliendesha, mi nilikaa kiti ya mugeni. Sasa mi naendesha. Weye uko mugeni wa heshima, upite nyuma."

Shangazi Jokébed hakusogea. Alitazama usukani. Alitazama kilemba. Alitazama upande wa kushoto, kwenye kiti kitupu kisicho na usukani wala mwanaume. Kisha kichwa kikageuka polepole kuelekea kwa Jephté na vumbi lake, halafu kwa Gracieuse, na midomo ikamcheza bila sauti. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwona Jokébed akikosa neno, na watu wa Vuhovi wataihesabu miaka yao tangu siku ile.

Alifunga mlango taratibu. Akaenda kwenye kundi la mbuzi, akamtafuta yule jike mwenye doa jeupe aliyekuwa wake yeye, mbuzi wa shangazi, akamshika kamba, akamleta mpaka mbele ya Jephté.

"Huyu arudi kwako," alisema. "Sikustahili."

Jephté alimtazama mbuzi, akamtazama mama huyu aliyekaribia kumvunjia maisha, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa uso wake ukalegea. Akaichukua kamba na kuirudisha mkononi mwake.

"Tante, kaa naye. Lakini panda nyuma. Ile kiti ilikungojea miaka mbili."

Basi shangazi Jokébed akapanda nyuma, na nailoni ambayo haikuwahi kukaliwa na mtu ikalia chini yake kwa sauti kubwa mpaka wanawake wakashindwa kujizuia. Gari likaondoka polepole, likionyeshwa njia na mkono wa shangazi nje ya dirisha.

Gracieuse alibaki amesimama. Jephté pia. Lilipopotea kwenye kona Jephté aliendelea kulisikiliza kwa muda, kichwa kimeinama upande, jinsi fundi anavyosikiliza.

"Unaihuzunikia," Gracieuse alisema.

"Ninahuzunika," alikiri. "Sitakudanganya. Nitahuzunika kwa siku mingi."

"Juu ya nini basi ulikuya?"

"Juu mwishoni uliuliza," alisema. "Juzi hukuuliza. Jana uliuliza tante, na papa yako ulimuambia ukweli."

Alinyoosha kiganja. Gracieuse aliweka pete pale, ya moto. Jephté aliishika kwa vidole viwili vyenye vumbi, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kama Jumamosi ile ya kwanza dukani.

"Mukono gani?" aliuliza. "Ya kuume ao ya kushoto?"

Gracieuse alicheka na kulia kwa pamoja, akampa wa kushoto. Kisha wakapanda kilima kwa miguu, nyuma ya mbuzi, kuelekea uani ambako mzee Josaphat alikuwa amesimama mlangoni, miwani mkononi, akiwangoja.